Emerson na Poe katika kapu moja: jibu kuhusu ulimbwende wa Marekani

Mwalimu mmoja wa sekondari ameniandikia hivi: "Shikamoo. Ninafundisha fasihi, na nimepewa kazi ya kuwaandalia wanafunzi wa kidato cha sita mada kuhusu waandishi wenye athari kubwa wa kipindi cha ulimbwende nchini Marekani. Kila orodha ninayoiona inawataja watu walewale, lakini sioni kinachowaunganisha. Emerson anamwambia mtu auamini moyo wake. Poe anasimulia maiti na nyumba zinazoporomoka. Wamewekwaje kapu moja? Na kati yao, nani hasa aliyewaathiri wenzake, na nianze na nani darasani?"

Marahaba, Mwalimu. Nitaanza na swali la nani alimwathiri nani, kwa sababu ndilo linalofungua yale mengine. Ukiwapanga waandishi hawa kwa mwaka wa kuzaliwa, utapata foleni ya watu wasiosemeshana. Ukiuliza nani alimsoma nani, nani alimkopesha mwenzake kiwanja na nani alimkasirikia nani, utaona baraza moja la watu wanaobishana juu ya jambo moja: je, mtu anaweza kuitegemea nafsi yake peke yake, bila mfalme, bila kanisa na bila mapokeo ya Ulaya? Emerson ndiye aliyelitamka jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko wote. Wengine ama walimwitikia, ama walilijaribu kwa vitendo, ama walionyesha mahali linapomfikisha mtu.

Neno lenyewe kwanza. Wahakiki wetu wamezoea kuuita mkondo huu ulimbwende, na wapo wanaosema urumanzi. Neno la kwanza lina udhia wake darasani, kwa kuwa mwanafunzi akilisikia humkumbuka mlimbwende aliyevishwa taji kwenye mashindano ya urembo. La pili humpeleka moja kwa moja kwenye mapenzi. Waeleze mapema kwamba hapa hatuzungumzii urembo wala uchumba. Mkondo huu uliota Ujerumani na Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, ukaikataa imani kwamba akili na kanuni zinatosha kumwongoza binadamu, ukaweka mbele hisia, ubunifu, maumbile ya asili, ngano za kale na nafsi ya mtu mmoja. Marekani uliifikia kwa kuchelewa. Kwa kawaida huhesabiwa tangu miaka ya 1820 hadi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyoanza mwaka 1861, na baada ya vita hivyo uhalisia ukashika usukani.

Wa mwanzo kusikika nje ya nchi yake alikuwa Washington Irving, aliyezaliwa New York mwaka 1783, vita vya uhuru vikiwa vinamalizika, naye akapewa jina la jenerali aliyeviongoza. Kitabu chake The Sketch Book kilitoka kwa sehemu mwaka 1819 na 1820, wakati yeye akiishi Uingereza. Ndani yake mna hadithi ya Rip Van Winkle, mtu mvivu wa kijijini karibu na milima ya Catskill, anayekunywa kileo cha watu wa ajabu huko mlimani, akalala miaka 20. Anaporudi kijijini anaitafuta nyumba ya wageni aliyozoea kubarizi, ambayo ubao wake wa nje ulikuwa na picha ya Mfalme George. Anautazama ubao: uso ni uleule, lakini koti jekundu limekuwa la buluu, mkono uliokuwa na fimbo ya kifalme sasa umeshika upanga, na chini yake imeandikwa kwamba huyu ni Jenerali Washington. Mchoraji hakujisumbua kuufuta uso. Irving alikuwa akitania, lakini utani wake ulimrudia mwenyewe, kwani hata kisa cha mtu aliyelala miaka 20 alikitoa katika ngano za Kijerumani na kukivisha koti la Kimarekani.

James Fenimore Cooper nitampitia kwa haraka, ingawa enzi zake alisomwa Ulaya nzima. Riwaya zake tano za Natty Bumppo, mwindaji mzungu anayeishi msituni na rafiki yake Chingachgook, Mmohikani, yaani mmoja wa wenyeji wa nchi hiyo, zilianza kutoka mwaka 1823. The Last of the Mohicans ya mwaka 1826 ndiyo iliyodumu zaidi. Aliipa Marekani shujaa wake wa msituni, yule mtu asiyetaka kuishi karibu na jirani, ambaye filamu za wachunga ng'ombe zingali zinamtumia. Uandishi wake, kwa maoni yangu, ni mzito kuumeza, na wenyeji wa nchi hiyo amewachora ama malaika ama mashetani. Henry Wadsworth Longfellow naye alipendwa kuliko washairi wote wa Marekani wa siku zake, hata Waingereza wakamwekea sanamu katika Westminster Abbey mwaka 1884. Ni mshairi mwenye sauti tamu. Ila ukiuliza ni nani aliyeandika tofauti kwa sababu alimsoma Longfellow, jibu huwa fupi.

Kuna jambo la kibiashara ambalo vitabu vya shule hulisahau. Hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikulinda hakimiliki ya mwandishi wa kigeni. Riwaya ya Dickens ilipowasili kwa meli, mchapishaji wa New York aliweza kuichapa bila kumlipa mwenyewe hata senti moja. Kwa nini basi amlipe Mmarekani asiyejulikana? Ndiyo maana wengi wa watu hawa walikuwa na kazi nyingine: mmoja forodhani, mwingine kwenye karakana ya penseli ya baba yake, mwingine akizunguka mji hadi mji kutoa mihadhara ya kulipwa.

Huyo wa mihadhara ndiye Ralph Waldo Emerson. Alizaliwa Boston mwaka 1803, mtoto wa mchungaji, naye akawa mchungaji. Mke wake kijana, Ellen, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1831. Mwaka uliofuata aliacha uchungaji kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu tena kuongoza ibada ya Chakula cha Bwana. Akaenda Ulaya, akaonana na waandishi wa Uingereza, Wordsworth, Coleridge na Carlyle, akarudi, akahamia mji mdogo wa Concord karibu na Boston. Mwaka 1836 akatoa kitabu kidogo, Nature, bila jina lake. Mna humo kipande ambacho watu hawakukisahau: anavuka uwanja mtupu wakati wa magharibi, miguu ikikanyaga madimbwi ya theluji, na ghafla anahisi amegeuka jicho tupu lililo angavu, yeye si kitu, lakini anaona vyote. Rafiki yake mmoja alimchora kikatuni: jicho kubwa lenye kofia, likitembea mashambani kwa miguu mirefu myembamba. Waonyeshe wanafunzi kikatuni hicho kabla ya kuwasomea maneno yenyewe, kwa sababu kicheko kitawafanya wayakumbuke.

Waliomzunguka waliitwa Watransendentali. Jina ni refu kuliko fikra yenyewe: waliamini kwamba upo ukweli anaoujua mtu kutoka ndani, ulio juu ya yale yanayoletwa na macho na masikio, na kwamba haumlazimu kupitia kwa kasisi wala kitabu. Tarehe 31 Agosti 1837 Emerson alisimama Harvard akawaambia wasomi wa nchi yake kwamba wamesikiliza vya kutosha sauti za makasri ya Ulaya. Mwaka mmoja baadaye alizungumza na wahitimu wa uchungaji hapohapo, akawaudhi wakubwa kiasi kwamba chuo hakikumwalika tena kuzungumza kwa karibu miaka 30. Kisha mwaka 1841 ikaja insha yake ya "Self-Reliance", yaani kujitegemea kwa nafsi. Msomaji wa Tanzania asiichanganye na siasa ya kujitegemea aliyoizoea, maana ile ya kwetu ilikuwa ya taifa na ya kijiji, na hii ni ya mtu mmoja anayewapa kisogo wanakijiji wote. Ndani yake anasema jiamini, kila moyo unaitikia uzi huo wa chuma. Halafu anamleta mzee mmoja anayemuuliza: je, kama hiyo sauti ya ndani inatoka chini, si juu? Emerson anajibu kwamba haoni hivyo, lakini kama yeye ni mtoto wa Ibilisi, basi ataishi kwa Ibilisi.

Weka alama kwenye sentensi hiyo, Mwalimu. Nitairudia.

Aliyeichukua fikra ya Emerson na kuijengea kibanda ni Henry David Thoreau, mwenyeji wa Concord aliyezaliwa mwaka 1817. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia kando ya ziwa Walden, kwenye kiwanja cha Emerson, katika nyumba ya chumba kimoja aliyoijenga kwa mikono yake. Gharama aliziandika moja moja, mbao, misumari, chokaa, jumla dola 28 na senti 12 na nusu, na ukurasa ule wa mahesabu ni fasihi kamili, kwa sababu unamuuliza jirani yako amelipa miaka mingapi ya maisha yake kwa nyumba yake. Alikaa miaka miwili na miezi miwili. Hakuwa mtawa; reli ilipita karibu, na nyumbani kwao palikuwa mwendo mfupi wa miguu. Mwaka 1846 alilala rumande usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyokubali utumwa, na insha aliyoitoa mwaka 1849 kutokana na mambo hayo ilikuja kusomwa na Gandhi na Martin Luther King. Hapo ndipo athari inapoonekana kwa macho. Katika uhai wake mambo yalikuwa mengine kabisa: kitabu chake cha kwanza kilichapwa nakala 1,000, na mwaka 1853 mchapishaji akamrudishia nakala 706 zisizouzika. Akaandika katika shajara yake kwamba sasa ana maktaba ya vitabu karibu 900, zaidi ya 700 kati yake akiwa ameviandika mwenyewe.

Walden chenyewe kilitoka mwaka 1854, na katika sura yake ya mwisho wasomaji wetu watakuta jambo la nyumbani. Thoreau anasema haifai mtu kuizunguka dunia ili akahesabu paka wa Zanzibar. Kwa nini Zanzibar na si kwingineko? Mtu wa Massachusetts wa siku hizo alilijua jina hilo vizuri. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walikuwa wakipeleka Unguja vitambaa vya pamba vya viwanda vya huko, ambavyo mpaka leo tunaviita merikani, wakirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza aliyeanza kazi Unguja mwaka 1837 alikuwa mtu wa Salem. Thoreau hakuwa akiwadharau paka wetu. Hoja yake ni kwamba safari ngumu ni ile ya kuingia ndani ya nafsi, na aliyeshindwa hiyo, meli haitamsaidia.

Sasa Poe. Edgar Allan Poe alizaliwa Boston mwaka 1809, wazazi wake wakiwa waigizaji wa jukwaani, akawa yatima kabla ya kutimiza miaka mitatu, akalelewa Virginia. Watu wa Emerson hakuwapenda, na Boston aliipachika jina la Bwawa la Vyura. Emerson naye inasimuliwa alimwita mtu wa njuga, kwa jinsi mashairi yake yanavyolia vina. Lakini wasome pamoja. Emerson anakuambia kila moyo unaitikia uzi wa chuma. Miaka miwili baada ya insha ile, mwaka 1843, Poe akachapisha "The Tell-Tale Heart": muuaji amemficha mzee chini ya mbao za sakafu, polisi wamekaa humo chumbani wakizungumza kwa utulivu, na yeye anasikia moyo ukidunda, ukidunda kwa nguvu zaidi, hadi anapiga ukelele na kujisaliti. Moyo wa nani? Wa marehemu, au wake mwenyewe? Sidai kwamba Poe aliiandika hadithi hiyo kumjibu Emerson. Ninachosema ni kwamba wote wawili wamefunga mlango na kubaki na nafsi ya mtu mmoja chumbani, na hicho ndicho kinachowatia kapu moja: mmoja amekuta taa, mwenzake amekuta kitu kinachodunda chini ya sakafu.

Kwa athari ya nje, pengine hakuna aliyempita Poe. Hadithi yake ya mwaka 1841 kuhusu mauaji ya Paris ndiyo iliyoweka kanuni za hadithi za upelelezi: mpelelezi mwenye akili za ajabu, rafiki anayesimulia, polisi wasioona kilicho mbele yao. Bila hiyo hatungempata Sherlock Holmes. Mshairi Baudelaire alimtafsiri kwa Kifaransa, na kwa mlango huo akaingia katika ushairi wa Ulaya wote. Ukimsoma mhakiki akisisitiza kwamba kila sentensi ya hadithi fupi ilenge athari moja tu, jua kwamba hiyo ni hoja ya Poe, aliyoiandika mwaka 1842 alipokuwa akihakiki kitabu cha Nathaniel Hawthorne.

Hawthorne alizaliwa Salem, mji uleule wa merikani, tarehe 4 Julai 1804. Babu wa babu zake alikuwa mmoja wa mahakimu waliosikiliza kesi za wachawi mwaka 1692, na mara nyingi husemwa kwamba aliongeza herufi w katika jina la ukoo ili ajitenge na mzee huyo. Kuanzia mwaka 1846 hadi 1849 alikuwa mkubwa wa forodha ya Salem. Katika utangulizi wa riwaya yake maarufu anatania kwamba zamani alitamani jina lake lisambae kwenye majalada ya vitabu, lakini sasa linasambaa kwa rangi nyeusi kwenye magunia ya pilipili manga na visanduku vya sigara vilivyolipiwa ushuru. Na anazitaja meli zinazowasili, aghalabu kutoka Afrika au Amerika ya Kusini. Chama chake kiliposhindwa uchaguzi alifukuzwa kazi, akaketi na kuandika The Scarlet Letter, iliyotoka mwaka 1850.

Alikuwa amewahi kuwa jirani wa Emerson huko Concord, katika nyumba ya ukoo wa Emerson, na bustani yake ya mboga ilitayarishwa na Thoreau. Kabla ya hapo alijaribu maisha ya pamoja katika shamba la Brook Farm, mahali Watransendentali walipotaka kuunganisha jembe na falsafa, akaondoka baada ya miezi kadhaa ya kusomba samadi. Alizijua hoja zao kwa karibu, na riwaya yake inazipima. Hester Prynne, aliyezaa nje ya ndoa, anahukumiwa kuvaa kifuani herufi A ya kitambaa chekundu, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzinzi. Yeye anaitarizi kwa nyuzi za dhahabu. Anaiamini nafsi yake. Anamwambia yule mchungaji, baba wa mtoto, kwamba walilolitenda lilikuwa na utakatifu wake. Miaka inapita, anawauguza wagonjwa, na watu wanaanza kuisoma ile A kuwa ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya mtu anayeweza, yaani hodari. Emerson angeishia hapo kwa furaha. Hawthorne haishii hapo: mchungaji aliyeificha siri yake anaoza kutoka ndani hadi anakufa, na Hester mwenyewe, akiwa huru kwenda popote, anarudi na kuivaa herufi ile kwa hiari. Jamii iliyomwonea ndiyo pia iliyomfanya awe alivyo, na riwaya haimruhusu msomaji achague upande mmoja akalala usingizi.

Tarehe 5 Agosti 1850, katika matembezi ya kupanda mlima huko magharibi mwa Massachusetts, Hawthorne alikutana na kijana wa miaka 31 aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu nyangumi. Herman Melville alikuwa ametoka na meli ya wavuvi wa nyangumi mwanzoni mwa mwaka 1841, akaitoroka visiwani Pasifiki, na vitabu vyake vya kwanza vilikuwa visa vya baharini vilivyouzika vizuri. Alijua fasihi ya uvuvi huo, na kati ya vitabu alivyovihakiki magazetini, mwaka 1847, ni kile cha J. Ross Browne kinachosimulia safari ya kuvua nyangumi na siku za mwandishi kisiwani Zanzibar. Urafiki wake na Hawthorne ulimgeuza. Alikwisha kuandika mwaka 1849 kwamba hapembei kwenye upinde wa mvua wa Emerson. Sasa alimpata mtu ambaye, kwa maneno yake, ana nguvu ya weusi ndani yake. Moby-Dick ilitoka mwaka 1851, na ukurasa wa mbele umeandikwa kwamba ni zawadi kwa Hawthorne.

Hapa ndipo tunairudia ile sentensi niliyokuomba uiwekee alama. Nahodha Ahab amepoteza mguu kwa nyangumi mweupe, na ameamua kwamba meli nzima, pamoja na watu wake, itamfuata mnyama huyo hadi mwisho wa dunia. Hasikii ushauri wa msaidizi wake, hajali faida ya wenye meli, hamwogopi Mungu. Ni mtu anayejitegemea kuliko wote katika fasihi ya Marekani. Katika sura ya 113 anamwamuru mhunzi amfulie chusa. Linapotaka kuzimwa kwa maji anakataa, anaomba damu ya wapiga chusa watatu, na chuma kinapozimwa kwa damu hiyo anapiga ukelele kwa Kilatini kwamba halibatizi kwa jina la Baba bali kwa jina la Ibilisi. Emerson alilisema kama mzaha wa kijasiri mezani. Melville alimpa mtu mwenye kauli hiyo meli na mabaharia, akauliza nini kitatokea, na kitabu kizima ni jibu.

Kilichokipata kitabu hicho kinasikitisha. Toleo la London lilitoka bila ukurasa wa hatima, ule unaoeleza kwamba msimulizi aliokolewa akiwa ameshikilia jeneza linaloelea, na baadhi ya wahakiki wakauliza maiti ilisimuliaje hadithi. Melville alimaliza miaka 19 akiwa mkaguzi wa forodha katika bandari ya New York, akafariki mwaka 1891 akiwa karibu amesahaulika. Wasomaji wa miaka ya 1920 ndio waliomfufua.

Walt Whitman ni mtoto wa upande wa pili wa Emerson, upande wa jua. Mwana wa seremala, mpangaji wa herufi katika viwanda vya uchapaji vya Brooklyn, mwaka 1855 alitoa kwa gharama zake Leaves of Grass, mashairi 12 yasiyo na vina wala mizani, na baadhi ya kurasa alizipanga herufi mwenyewe. Jina lake halikuwa kwenye ukurasa wa mbele. Palikuwa na picha yake, shati wazi kifuani, mkono kiunoni. Alimpelekea Emerson nakala, naye akamjibu kwa barua akimsalimu mwanzoni mwa safari kubwa. Whitman aliitoa barua hiyo magazetini bila ruhusa, kisha katika toleo la mwaka 1856 akaipiga salamu ile kwa herufi za dhahabu kwenye mgongo wa kitabu. Mtu mwenye haya asingefanya hivyo, na mtu mwenye haya asingeandika ushairi ule. Nafsi anayoisherehekea haijifungii chumbani kama ya Poe; inamkumbatia mtumwa aliyetoroka, kahaba, mjenzi wa boti na mama mjamzito katika mishororo yake mirefu. Sisi tulikuwa na mgogoro wetu wa mashairi huru miaka ya 1970, na waliosema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi wangeshangaa kuona hoja zao zilikwisha kutolewa Boston zaidi ya karne moja kabla. José Martí, mshairi wa Kuba, aliandika juu ya Whitman mwaka 1887, na Pablo Neruda, mshairi wa Chile, hakuficha deni lake kwake.

Emily Dickinson, wa Amherst, hakumwomba mtu yeyote amtangaze. Aliandika karibu mashairi 1,800 kati ya kuzaliwa kwake mwaka 1830 na kifo chake mwaka 1886, na yaliyochapishwa akiwa hai ni kama kumi tu, bila jina lake. Moja kati ya hayo lilitoka mwaka 1878, na wapo waliodhani limeandikwa na Emerson. Baada ya mazishi dada yake alikuta sandukuni vijitabu alivyovishona kwa uzi, na diwani ya kwanza ikatoka mwaka 1890. Kwa wanafunzi wako ana faida moja kubwa. Umbo lake ni la nyimbo za kanisani: silabi 8, kisha 6, kisha 8, kisha 6. Aliyezoea kuhesabu mizani za utenzi ataisikia mara moja, na ataisikia pia pale Dickinson anapoivunja kwa makusudi, anapokata mshororo kwa kistari na kuacha kina kisikamilike, kana kwamba mwimbaji ameanza kuutilia shaka wimbo katikati ya ubeti.

Orodha unazoziona, Mwalimu, hazikuteremka kutoka mbinguni. Kwa sehemu kubwa zinafuata kitabu cha mhakiki wa Kimarekani F. O. Matthiessen cha mwaka 1941, kilichowaweka pamoja Emerson, Thoreau, Hawthorne, Melville na Whitman, na kukazia miaka ya 1850 hadi 1855. Wanaume watano, wote wazungu. Margaret Fuller, mhariri wa kwanza wa jarida la Watransendentali, The Dial, hakupewa kiti. Kitabu chake cha mwaka 1845 kiliuliza kwa nini kujitegemea kwa nafsi kuishie kwa wanaume. Alizama pamoja na mume na mtoto karibu na New York mwaka 1850, na Thoreau ndiye aliyetumwa ufukweni kutafuta mabaki na miswada. Harriet Beecher Stowe, ambaye riwaya yake ya mwaka 1852 kuhusu utumwa iliuzwa nakala zinazokadiriwa 300,000 nchini mwake mwaka wa kwanza, alionekana mtu wa machozi tu.

Na yupo Frederick Douglass. Simulizi ya maisha yake ilitoka Mei 1845, kama miezi miwili kabla Thoreau hajahamia ziwani. Akiwa mtoto mtumwa Baltimore alianza kufundishwa herufi na bibi wa nyumba, bwana akakataza, naye akawa anabeba mkate mfukoni na kuwapa watoto wa kizungu maskini, wao wakimlipa kwa masomo mtaani. Baadaye anamwambia msomaji: umeona jinsi mtu alivyofanywa mtumwa, sasa utaona jinsi mtumwa alivyofanywa mtu. Emerson alimhubiria mtu anayeimiliki nafsi yake tangu kuzaliwa. Douglass alikuwa na nafsi iliyoandikwa katika daftari la mali ya mtu mwingine, na kuiamini kulikuwa kosa mbele ya sheria. Mimi nisingefundisha "Self-Reliance" bila kuweka kitabu hiki pembeni yake.

Kuhusu pa kuanzia, usianze na Emerson. Sentensi zake zinawachosha hata wenye lugha yao, kwa kuwa kila moja imesimama peke yake kama methali na haimshiki mkono inayofuata. Anza na "The Tell-Tale Heart", inayosomeka kwa sauti ndani ya kipindi kimoja, na uwaulize moyo ule ni wa nani. Kipindi cha pili wape aya moja tu ya Emerson, ile ya mtoto wa Ibilisi, pamoja na kurasa za Douglass kuhusu mkate na herufi. Cha tatu wasomee sura ya 113 ya Moby-Dick, bila kuwalazimisha kuzipitia sura nyingine zaidi ya 130. Hakimiliki za kazi hizi zimekwisha muda, kwa hiyo unaweza kuwachapia bila kumdhulumu mtu. Chusa likishazimwa kwa damu na Kilatini cha Ahab kikishatafsiriwa ubaoni, waulize kama Emerson angekuwa kwenye sitaha ya meli ile, angemwambia nini nahodha.